Shoti kubwa kuliko breka: jengo linapobadilishiwa transfoma

Chukua breka ndogo ya dukani, ile ya kubana kwenye reli, uisome usoni. Juu imeandikwa C20 au C32, namba ambayo kila fundi anaijua na kila mteja anaiulizia. Chini yake kuna kimstatili chenye namba nyingine: 6000, wakati mwingine 4500 au 10000. Namba ya kwenye kimstatili haikuwekewa A, kwa hiyo wengi huidhania ni namba ya toleo. Ni ampea. Inasema kwamba breka hiyo inaweza kukata shoti ya hadi ampea 6000, yaani kiloampea 6 (6 kA), bila kupasuka wala kuganda. Shoti ikipita hapo, kiwanda hakikuahidi kitu.

C20 inahusu mzigo na waya unaolindwa. Ile 6000 haina habari na mzigo. Inahusu kilichoko nyuma ya breka, upande umeme unakotokea: transfoma ina ukubwa gani, na kati yake na breka pana kebo ya unene na urefu gani. Mwenye duka anayewasha taa nne na feni anatosheka na breka ya 20, na yuko sahihi. Lakini siku waya wa fezi utakapogusana na nyutro ndani ya dibii yake, yaani boksi la breka, kitakachopita hapo si mkondo wa taa nne. Ni kila ampea ambayo transfoma na kebo vinaweza kusukuma.

Breka iliyozidiwa hufanya nini? Vidole vyake vya ndani vinapoachana, umeme haukubali kukatika papo hapo. Unaruka pengo na kufanya tao la moto, ule ule mwanga mkali anaoukwepa mchomeleaji kwa kioo cheusi. Breka imejengewa vibati vyembamba vya kulikatakata tao hilo mpaka lizimike. Vibati hivyo vina kikomo. Joto linaloachiwa hupanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo shoti ya 12 kA ikidumu muda ule ule inatoa joto mara nne ya shoti ya 6 kA, si mara mbili. Pale vidole vinaweza kuganda visiachane kabisa, au plastiki ikapasuka na gesi ya moto ikamwagika ndani ya paneli. Gesi hiyo inapitisha umeme. Ikizigusa basbaa, vile vipande vya shaba vinavyogawa umeme kwa breka zote, inazaliwa shoti ya pili, na hiyo iko juu ya breka, yaani upande umeme unakotokea, mahali ambapo breka haina la kufanya tena.

Kinachofanya tatizo hili lidharauliwe ni kwamba breka dhaifu hufanya kazi vizuri kabisa siku zote nyingine. Ukizidisha mzigo, inaanguka. Ukiishusha na kuipandisha kwa mkono, inatii. Shoti ya mwisho wa waya mrefu inaikata bila taabu. Jengo linaweza kukaa miaka mingi hivyo, na fundi aliyelihudumia akakuambia kwa dhati kwamba halijawahi kuwa na shida. Anasema kweli. Hajawahi kupata shoti kavu, ya waya kugusana moja kwa moja, karibu na transfoma, basi.

Hesabu yenyewe

Haihitaji shahada. Kwenye bati la transfoma kuna mambo mawili ya kusoma: ukubwa kwa kVA (kilovolti-ampea), na asilimia ya impedansi, yaani kiasi transfoma yenyewe inavyouzuia mkondo. Kwa transfoma za usambazaji zinazofuata viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya umeme, asilimia hiyo kwa kawaida ni kama 4 hadi kufikia 630 kVA, na kama 5 kutoka hapo hadi 1250 kVA. Tafuta ampea za transfoma ikiwa na mzigo kamili, kisha gawanya kwa asilimia hiyo. Jibu ndilo shoti kubwa kabisa inayoweza kutokea kwenye vituo vyake.

Tuseme pana jengo la ghorofa nane Kariakoo: maduka chini, ofisi katikati, nyumba za kupanga juu. Lilipojengwa lilipewa transfoma ya 315 kVA. Kwa umeme wa fezi tatu wa volti 400 hiyo ni ampea 455, na 455 gawanya kwa 0.04 ni kama 11.4 kA. Aliyelisanifu aliweka kwenye chumba cha mita paneli yenye breka za 16 kA. Kazi safi.

Miaka ikaenda. Kila chumba kikafungwa kiyoyozi, maduka yakaleta majokofu makubwa, lifti ya pili ikaongezwa. Transfoma ikaanza kuungua mafuta, mwenye jengo akaomba kubwa zaidi, ikaletwa ya 1000 kVA. Ampea zake ni 1443. Gawanya kwa 0.05, unapata karibu 29 kA.

Angalia sasa kilichobadilishwa na kilichoachwa. Breka kuu ilibadilishwa, kwa sababu ampea zilimlazimisha fundi: ya 500 isingebeba mzigo mpya, ikawekwa ya 1600 yenye uwezo wa 50 kA. Lakini zile breka za ampea 100 zinazolisha ghorofa hazikuguswa, maana ghorofa ya tatu inatumia umeme ule ule iliokuwa inatumia. Kwa jicho la mzigo hakuna kilichobadilika. Kwa jicho la shoti, breka za 16 kA zimejikuta zinakabiliana na 29. Hazikuchakaa wala hazikuharibika. Kilichobadilika kiko nje, kwenye transfoma.

Kuna wanaosema hesabu hiyo inatia chumvi, kwa kuwa inadhani laini ya 11 kV inayolisha transfoma haina ukomo. Ni kweli, inatia chumvi kidogo. Tukichukua laini yenye nguvu ya shoti ya MVA 250, ile 29 inashuka kuwa kama 26.7 kA. Haiziokoi breka za 16.

Mita za kwanza

Hapa ndipo penye habari njema, na watu wengi huipita. Kebo nayo inazuia mkondo, na kebo nyembamba inazuia sana. Shaba ya milimita za mraba 16 ina ukinzani wa kama omu 1.15 kwa kila kilomita. Inasikika kuwa kidogo, lakini transfoma nzima ya 1000 kVA ina impedansi ya omu 0.008 tu. Mita saba za kebo hiyo zinatosha kuifikia.

Chukua duka lililo mita 10 kutoka chumba cha mita, linalolishwa na kebo hiyo ya 16. Shoti ya fezi tatu kwenye dibii yake sasa inakaribia 15 kA. Breka zake za 6 kA hazifai. Nenda duka la mwisho wa korido, mita 30: shoti imeshuka hadi kama 6 kA, iko mpakani. Na la kufikirisha zaidi ni kwamba kwenye duka hilo la mwisho, transfoma ya zamani ingetoa kama 5 kA. Yaani chumba cha mita kimeruka kutoka 11 hadi 29, wakati mwisho wa korido pamesogea kutoka 5 hadi 6. Mbali na transfoma, mwenye neno la mwisho ni kebo.

Kwa hiyo ukisikia mtu anapendekeza kubadilisha kila breka ya jengo zima, muulize kwanza hesabu ya kila dibii iko wapi. Mara nyingi ugonjwa umejazana kwenye mita chache za mwanzo, na fedha inayotakiwa kuokoa chumba cha mita inamwagwa kwenye vyumba vya kulala vya ghorofa ya juu.

Ila usiupime usalama kwa ghorofa. Kinachohesabika ni urefu pamoja na unene. Kebo kuu ya kupandisha umeme ikiwa ya milimita 185, mita 50 za kebo hiyo bado zinafikisha karibu 17 kA. Dibii ya ghorofa ya nane iliyofungwa moja kwa moja kwenye kebo nene hiyo ina shoti kubwa kuliko duka la chini lililo mita 10. Kebo nzuri, isiyopoteza volti, ndiyo hiyo hiyo isiyopunguza shoti.

Kupima kwa mashine kunasaidia mbali na transfoma. Karibu nayo hapana. Mashine nyingi za kupima mzunguko wa hitilafu husoma hadi omu 0.01, na transfoma yetu ni omu 0.008, tarakimu ya mwisho ya mashine ni kubwa kuliko kitu kinachopimwa. Kwenye chumba cha mita tumia bati la transfoma na kalamu.

Vipi kuhusu vyanzo vingine? Jenereta ya dharura ikiwa na swichi ya kubadilishana, yaani haiwaki pamoja na umeme wa gridi, haijumlishwi, na yenyewe kwa kawaida hutoa shoti ndogo kuliko transfoma ya ukubwa wake. Mota za pampu na za mitambo ya ubaridi zilizofungwa moja kwa moja hurudisha mkondo kwenye shoti kwa mizunguko michache ya mwanzo, pengine mara nne hadi sita ya ampea zake, kwa hiyo kwenye jengo lenye mota kubwa zihesabiwe. Sola husingiziwa: inveta hutoa kidogo tu kupita mkondo wake wa kawaida.

Bati la breka husomwaje

Kabla ya kusema breka haitoshi, isomwe vizuri. Breka kubwa za boksi huandikwa uwezo wake kwa kila volti. Ile ile inaweza kuwa na 50 kA kwa volti 230 na 25 kA kwa volti 415. Muuzaji atakuonyesha 50. Kwenye mfumo wa fezi tatu, uwe wa 400/230 wa Tanzania au 415/240 wa Kenya, mstari unaokuhusu ni ule wa volti za fezi kwa fezi.

Halafu kuna Icu na Ics. Icu ndio ukomo: breka imejaribiwa kukata shoti hiyo, kisha baada ya dakika chache ikafungwa juu ya shoti nyingine na kukata tena, na baada ya hapo haidaiwi kuwa nzima. Ics hujaribiwa kwa kukata mara tatu, na mwishoni breka lazima iweze kuendelea kubeba mzigo wake. Breka ya Icu 36 yenye Ics ya nusu itafufuka kwa uhakika baada ya 18 tu. Kwenye hospitali au hoteli mimi huangalia Ics kwanza.

Dawa, na mahali inapodanganya

Njia ya wazi ni kubadilisha breka dhaifu na kuweka zenye nguvu. Kwa dibii za maduka, kutoa za 6 kA na kuweka za 10 au 15 ni kazi ya asubuhi moja. Kwenye paneli kuu mambo si mepesi hivyo. Shoti ikipita, basbaa husukumana kwa nguvu za sumaku, na nguvu hiyo nayo hupanda kwa mraba wa mkondo. Paneli iliyojengwa kuvumilia 16 kA kwa sekunde moja haiwi ya 36 kwa sababu imepachikwa breka za 36. Vishikizo vya basbaa, nafasi kati yake, hata bolti, vyote vilikokotolewa kwa namba ya zamani. Tafuta bati la paneli lenye herufi Icw, yaani shoti ambayo paneli inaweza kuivumilia kwa muda mfupi. Lisipokuwepo, na paneli nyingi zilizochomelewa uchochoroni hazinalo, huna ushahidi wowote wa kuitetea.

Njia ya pili ndiyo yenye mvuto na mtego: breka ya juu kuilinda ya chini. Viwango vinairuhusu. IEC 60364, na BS 7671 ya Uingereza ambayo mafundi wengi wa kwetu wameisomea, vinakubali breka yenye uwezo mdogo kuliko shoti ya mahali ilipo, mradi kifaa cha juu yake kina uwezo wa kutosha na nishati kinachoipitisha haizidi kile ambacho breka ya chini na nyaya zake vinaweza kustahimili. Breka ya juu inayobana mkondo hufunguka haraka kiasi kwamba shoti haipati muda wa kufika kilele. Hivyo breka ya 6 kA huweza kukaa salama mahali penye shoti kubwa zaidi.

Mtego uko kwenye neno "kubana". Mafundi huona breka kuu ya 50 kA juu, wakasema zote za chini zimekingwa. Hapana. Breka kuu kubwa, hasa ile ya hewa ya ampea 1600, mara nyingi imeundwa makusudi isubiri kidogo ili za chini zikate kwanza. Inastahimili, haibani. Breka ya chini inabaki peke yake na 29 kA.

Kwa nini basi tusipige hesabu wenyewe, tukachukua mchoro wa mkondo unaopenya kifaa cha juu na kuulinganisha na uwezo wa cha chini? Kwa sababu breka ya chini haitulii ikingoja. Nayo inaanza kufunguka, tao lake linaongeza kizuizi kwenye njia, mkondo unapungua kidogo, na kifaa cha juu kinaona shoti ndogo kuliko ulivyodhani. Kinachelewa. Katika milisekunde hizo breka dhaifu ndiyo inayobeba. Jibu la kweli hupatikana maabara tu, breka mbili zikiwa zimefungwa pamoja na kupigwa shoti. Viwanda hufanya majaribio hayo na kutoa majedwali: aina hii juu, aina ile chini, kwa volti hizi, mpaka kA kadhaa. Jozi isiyo kwenye jedwali haipo. Kuweka breka ya kampuni moja chini ya breka ya kampuni nyingine na kudai zinakingana ni kubahatisha, hata kama zote mbili ni nzuri.

Tena njia hii ina gharama isiyoandikwa kwenye ankara. Shoti kubwa kwenye duka moja inaweza kuangusha breka zote mbili, na ghorofa nzima ikawa gizani. Kwa maduka ya nguo watu watalalamika, yataisha. Kwa chumba cha upasuaji nisingekubali. Na ukiitumia, bandika kibao kwenye paneli kinachosema breka hizi zinategemeana na zibadilishwe kwa aina hiyo hiyo tu, maana fundi ajaye ataona breka ya 32 imekufa na ataweka 32 yoyote aliyo nayo mfukoni.

Fyuzi za HRC, yaani zenye uwezo mkubwa wa kukata shoti, hazina fasheni siku hizi, lakini kwenye shida hii ni rafiki. Fyuzi ya BS 88 ya viwandani hukata hadi 80 kA, inabana mkondo vizuri, na huchukua nafasi ndogo. Sharti la jozi kujaribiwa bado lipo kwa breka zilizo chini yake. Ubaya ni kwamba fyuzi ikiungua saa nne usiku, yupo atakayeirudishia kwa kipande cha waya.

Njia nyingine ni kupunguza shoti yenyewe. Jengo lenye transfoma mbili za 1000 kVA zilizounganishwa pamoja lina shoti ya karibu 58 kA. Fungua swichi inayoziunganisha, kila moja ilishe upande wake, na umerudi 29 bila kununua breka hata moja. Weka kufuli za funguo zinazozuia swichi hiyo kufungwa wakati transfoma zote mbili ziko kazini. Nadhani hii ndiyo dawa ya bei nafuu inayosahaulika kuliko zote. Ukiwa bado unaagiza transfoma, unaweza kuomba yenye impedansi kubwa: 1000 kVA ya asilimia 6 hutoa 24 kA, kwa gharama ya volti kushuka zaidi mzigo unapopanda. Koili za kuzuia mkondo zipo pia, lakini kwa jengo la kawaida zinachukua nafasi na kuleta joto bila sababu.

Wakati vifaa vinasubiriwa bandarini, jengo linaendelea kukaliwa. Basi chumba cha mita kifungwe, milango na vifuniko vya paneli vikazwe, na mtu asifanye kazi humo umeme ukiwa hai. Breka iliyoanguka kwa shoti isirudishwe mpaka waya wake upimwe, kwa sababu kuipandisha juu ya shoti ni kuipa pigo la pili mkono wa mtu ukiwa umeishika. Kazi yenyewe apewe mwenye leseni, ya EWURA Tanzania au ya EPRA Kenya, mamlaka zinazodhibiti nishati, na adaiwe karatasi ya hesabu pamoja na ankara.

Karatasi hiyo isiishie kwenye faili. Kanuni za umeme za Marekani, tangu toleo la 2011, zinataka majengo yasiyo ya makazi yabandikwe kwenye paneli ya kupokelea umeme kiwango cha shoti kinachoweza kufika hapo, pamoja na tarehe ya hesabu, na namba hiyo irekebishwe mfumo ukibadilika. Ni kijikaratasi tu, lakini hapa kwetu kina kazi zaidi, maana transfoma ikiungua shirika la umeme huleta iliyopo ghalani. Ikitoka 315 kVA ikaja 500 kVA yenye asilimia 4, chumba cha mita kimehama kutoka 11.4 hadi 18 kA, na breka za 16 zimepitwa bila mtu ndani ya jengo kugusa bisibisi. Siku hiyo gari la shirika likiwa bado uani, piga picha ya bati la transfoma kabla haijapandishwa nguzoni.